Nilivyoitafsiri dua ya Warumi ya kumhamisha mungu wa adui

Maneno ya mwanzo tu yalinikwamisha. Kilatini kinaanza: "si deus si dea est". Kwetu mungu ni mungu, hana uke wala ume. Nikaandika "uwe mungu wa kiume, uwe wa kike". Haina utamu, lakini nimeiacha, maana jemadari wa Kirumi aliyeuzingira mji hakujua mungu mlinzi wake ni nani, na dua isiyomgusa mwenyewe ni kazi bure. Kwa sababu hiyohiyo, anasema mwandishi wa Kirumi Macrobius, Warumi walilificha jina la mlinzi wa Roma, wasije wakafanyiwa wao.

Ibada yenyewe inaitwa evocatio, yaani kumwita mungu atoke. Macrobius, aliyeandika katika karne ya 5, ametuhifadhia maneno yaliyohusu Carthage, mji wa Afrika Kaskazini uliobomolewa na Warumi mwaka 146 KK. Mungu anaombwa awatupe watu wake, ayaache mahekalu, aondoke. Awatie watu wale woga, hofu kuu na usahaulifu. Kisha aje Roma. Vitenzi vitatu vya kuondoka nilitaka kuviunganisha kuwa kimoja. Usifanye hivyo. Dua hii ina tabia ya hati ya wakili: kila mlango wa kukwepea unafungwa kwa neno lake.

Malipo yako mwishoni, nayo ni mahekalu na michezo. "Si ita feceritis" niliianza kwa "mkifanya hivyo", nikairekebisha kuwa "mkishafanya hivyo". Silabi moja hiyo ndiyo mkataba wote: kazi kwanza, ujira baadaye. Wakati huohuo wanachinjwa wanyama na matumbo yao kukaguliwa, kuona kama jibu ni zuri.

Kinachoharibu zaidi ni ulimi kuteleza. Pliny, mwandishi wa Kirumi, anaeleza jinsi dua za viongozi zilivyolindwa: mmoja anamsomea kiongozi maneno kutoka kwenye maandishi, wa pili anafuatilia lisirukwe neno, wa tatu anasimamia ukimya, na mpiga filimbi anapiga ili sauti nyingine isisikike.

Wengi huichanganya evocatio na devotio, yaani kuukabidhi mji kwa miungu ya kuzimu. Macrobius mwenyewe anaonya. Hiyo inakuja baada ya mlinzi kuitwa atoke, na wanaoruhusiwa ni dikteta (kwa Warumi, mtawala wa muda wakati wa hatari) au jemadari mkuu tu. Akitaja Ardhi anagusa chini kwa mikono. Akitaja Jupita, mkuu wa miungu, anaiinua juu. Akisema anaipokea nadhiri anajigusa kifua. Kondoo wa kuchinjwa ni watatu, weusi.

Mwaka 396 KK, mji wa Veii, jirani na adui wa Roma, ulipoanguka mikononi mwa Warumi, vijana waliochaguliwa jeshini waliogeshwa, wakavaa nguo nyeupe, wakaenda kuichukua sanamu ya Juno, mungu wa kike wa mji huo. Walisita, kwani sanamu ile ilizoea kuguswa na kuhani wa ukoo mmoja tu. Mmoja akauliza, "Juno, unataka kwenda Roma?" Wenzake wakapaza sauti: ameitikia kwa kichwa! (Mwanahistoria wa Kirumi Livy anasimulia hili kwa tahadhari, nami namwelewa.) Hekalu lake kwenye kilima cha Aventine, mjini Roma, liliwekwa wakfu mwaka 392 KK.

Kwa anayedhani haya ni ya vitabuni tu, yapo maandishi ya mawe ya Isaura Vetus, katika Uturuki ya leo, ya miaka ya 70 KK. Jemadari wa Kirumi Servilius anasema ameuteka mji, ameuza mateka, na ametimiza nadhiri yake kwa aliyekuwa mlinzi wa mji huo, awe mungu wa kiume au wa kike.