Kipindupindu na masikio ya watoto

Jamani sisi watu wa Kigoma kipindupindu tunakijua, toka ule mwaka 2015 kilivyowapiga wakimbizi wa Burundi kule Kagunga wakawa wanaletwa mjini na meli ya Liemba, kwa hiyo tukisikia tu kuna mgonjwa basi chemsha maji, sabuni mlangoni, matunda yaoshwe, gari la matangazo linazunguka Mwanga mpaka Ujiji. Ila mtoto anawaza nini kichwani mwake, hilo gari halisemi.

Mtoto wa dada yangu ana miaka sita. Siku moja akaanza kukataa maji. Unampa kikombe, anachungulia ndani, anakirudisha mezani taratibu kama kitamuuma. Chai anakunywa vizuri tu. Bibi yake akasema huu ukaidi dawa yake fimbo, mi nikamwambia mama hebu subiri kwanza, nikamuuliza yule mtoto pembeni bila watu, akaninong'oneza "maji yanaua." Kumbe ni zile voisi za WhatsApp tunazofungulia jikoni sauti juu, sisi tunajua yanasemwa maji machafu, yeye kabeba neno maji peke yake!

Sikumpa hotuba. Nikamkalisha mbali kidogo na jiko aangalie sufuria, nikamwambia wadudu wake ni wadogo hawaonekani, maji yakitokota hivi wanakufa wote, yakipoa tukayamimina kwenye ndoo ya koki, kufunika nikamwachia yeye. Akanywa. Sa hivi ndo askari wa ndoo, ukichovya kikombe anapiga kelele nyumba nzima.

Wengine hofu inatoka kivingine, mtoto aliyeshaacha kukojoa kitandani anaanza tena, au hataki mama atoke hata kwenda sokoni. Hapo usimcheke wala kumchapa. Lakini akiharisha majimaji usiseme ni woga, mpe ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji safi, na mbio zahanati, huu ugonjwa unaua ndani ya masaa.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni mama kupelekwa kambi ya kipindupindu halafu mtoto anaambiwa "kasafiri." Kasafiri wapi na gari la wagonjwa kaliona kwa macho yake? Mwambie mama anaumwa, anawekewa dripu, madaktari wapo naye, na wewe hujamuumiza, maana watoto wadogo wanajitupia lawama eti sababu juzi niligoma kula. Kama hujui atarudi lini sema hujui, usiahidi kesho.

Na akirudi, msiwazuie wenu kucheza na wanae. Kipindupindu kinaingia kwa mdomo, kwa maji na chakula chenye kinyesi, hakirukii mtu kwa kucheza rede, nawisheni mikono wote muwaache wacheze. Ukiona mtoto amenyamaza siku nyingi, hali, halali, piga 116, ni namba ya watoto, bure kabisa.