Mfudu wetu na Vitex ya Wagiriki

Mfudu, ambao wengine huuita mfuu, una ndugu huko Ugiriki: agnos. Kitaalamu wote ni Vitex, na undugu huo ndio unaowaponza watu. Mtu anasoma kwenye simu kwamba Vitex hurekebisha homoni za wanawake, kesho anachemsha magome ya mfudu. Tafadhali usifanye hivyo. Fudu ni tunda jeusi lenye nyama, la kula. Tunda la agnos ni kavu, dogo kama pilipili manga, na linanukia hivyohivyo. Kipimo cha mti mmoja hakihamii kwa mwingine.

Katika sikukuu ya Thesmophoria, ya mungu wao wa kike Demeter, wanawake wa Athens walitandika matawi ya agnos malaloni, maana siku hizo walijitenga na wanaume. Dioscorides, tabibu wa karne ya 1, aliagiza drachma moja ya mbegu, kama gramu 3 au 4, inywewe na divai ili maziwa ya mama yatiririke na hedhi itoke.

Hapo kwenye maziwa pana jambo kubwa. Leo agnos inajulikana kwa kupunguza prolaktini, homoni inayoleta maziwa, kwa sababu kemikali zake hushika vipokezi vya dopamini (kemikali ya mwilini inayozuia prolaktini) kwenye pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Lakini jaribio la mwaka 1996 kwa wanaume 20 wenye afya lilionyesha kuwa miligramu 120 za dondoo ya agnos kwa siku zilipandisha prolaktini, na 480 zikaishusha. Dawa ileile, kipimo tofauti, matokeo kinyume. Ndiyo maana kukadiria kwa kiganja hakufai kabisa.

Jaribio la mwaka 2001 kwa wanawake 170 wenye maumivu na hasira kabla ya hedhi lilitumia miligramu 20 za dondoo kavu ya agnos kila siku kwa mizunguko mitatu. Zaidi ya nusu walipata nafuu. Kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa, karibu robo tu. Ukiacha baada ya wiki mbili hujaipima.

Mjamzito na anayenyonyesha asitumie agnos. Inagongana pia na haloperidol (dawa ya magonjwa ya akili) na metoclopramide (dawa ya kutuliza kichefuchefu).

Kama hedhi imekatika au maziwa yanatoka bila kunyonyesha, pima kwanza ujauzito, prolaktini na tezi ya shingo. Nyanda zetu za juu zimekuwa na rovu miaka mingi kwa upungufu wa madini joto, na tezi hiyo ikilegea, prolaktini hupanda. Kichwa kikiuma mfululizo au macho yakififia pamoja na hayo, nenda hospitali mara moja: huenda ni uvimbe kwenye pituitari.