Ungo wa Nalongo

Agosti 2021 nilikuwa Nyendo, Masaka, Uganda, kwa bibi yangu. Ilikuwa miezi ya corona, ikifika saa moja jioni hakuna kutoka nje. Lakini si corona iliyonipeleka. Wazee walikuwa wakiuawa kwa mapanga usiku ndani ya nyumba zao, Masaka na Lwengo, zaidi ya 20 kwa wiki chache, na bibi alikuwa akilala peke yake.

Wauaji waliitwa bijambiya, kwa jina la hayo mapanga. Mara nyingi hawakuiba kitu, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Mwizi unajua anachotaka.

Mlango wa bibi miaka yote ulifungwa kwa komeo moja tu. Nikanunua kufuli mbili, fundi akaongeza nondo kwenye dirisha la chumbani. Taa ya nje iliwaka mpaka asubuhi, yaka, umeme wa kulipia kabla, ikaisha haraka mno, tukanunua nyingine. Nyuma ya mlango nilipanga sufuria tupu, moja juu ya nyingine, ili ukisukumwa zianguke. Filimbi nilimvalisha bibi shingoni. Vijana wa mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, walizunguka kwa zamu. Majirani nao tulipatana: mwenye shida usiku asiguse mlango wa mbele, agonge dirisha la jikoni mara tatu.

Usiku mmoja, saa nane hivi, mlango wa mbele ukagongwa. Ukagongwa tena, kwa kiganja, kwa nguvu.

"Bibi, nifungulie! Mtoto anakufa!"

Sauti ya mwanamke. Sikuitambua. Bibi aliinuka, nikamshika mkono nikambana kitandani. Nilimnong'oneza kwamba wanaweza kumtanguliza mwanamke, kwamba dirisha halikugongwa, kwamba mapatano ni mapatano. Filimbi alikuwa nayo yeye. Nilitaka kumvua niipulize. Huko nje yule mama akaanza kulia.

Bibi aliutoa mkono wangu taratibu, akasogea hadi ukutani.

"Wewe nani?"

"Mimi Nalongo, bibi!"

Nalongo ni kila mama aliyezaa pacha, na pale mtaani walikuwa wawili. Bibi hakufungua.

"Juzi ulikuja kuazima nini kwangu?"

Kimya kidogo. Kisha ile sauti, kwa kwikwi: "Ungo. Na sijaurudisha, bibi, nisamehe."

Bibi alizipangua sufuria mwenyewe, mimi nikahangaika na kufuli, funguo zikinidondoka. Mtoto alikuwa mgongoni, macho yamegeuka, mwili unaruka kwa degedege. Ndipo bibi akapuliza filimbi, vijana wa zamu wakaja mbio na marungu, na mmoja wao akampakia mama na mwanawe kwenye pikipiki kwenda hospitali. Ilikuwa malaria. Mtoto alipona.

Nimejaribu kukadiria tulimweka mlangoni muda gani. Bibi alisema ni kitambo kidogo tu. Mimi naona ilikuwa dakika tano, na tatu kati ya hizo ni zangu, za kumshika bibi mkono.

Siku ya nne Nalongo alikuja mchana, mtoto mgongoni, ungo mkononi. Hakupita mlango wa mbele. Alizunguka nyuma, akagonga dirisha la jikoni mara tatu, akangoja.