Siku Moja Maishani Mwangu: Kumrekodi Mpiga Dramu Studio

Saa 2:00 asubuhi. Naanza na taa kabla ya kugusa kamera. Taa nyingi za LED huwaka na kuzima kwa kasi ambayo jicho haliioni, lakini kamera inaiona, na video nzima inatoka na mistari inayotembea. Penye umeme wa 50 Hz (mizunguko 50 kwa sekunde) naweka shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila picha, 1/50 au 1/100 ya sekunde. Penye 60 Hz, 1/60 au 1/120. Leo nakwenda na fremu (picha) 50 kwa sekunde na shata 1/100. Kijiti cha dramu kina kasi: shata ikiwa ya polepole kinageuka ukungu mtupu, ikizidi kuwa ya haraka mwendo unakatika-katika na uhai wote unapotea.

Saa 3:00. Mpiga dramu anaingia na mfuko wake wa vijiti. Tunasalimiana, kisha anakaa mbele ya sneya, ile dramu ndogo yenye mlio mkali, na kuanza kuifunga, yaani kukaza ngozi yake hadi itoe sauti anayoitaka. Anazungusha ufunguo kidogo, anagonga taratibu karibu na kila skrubu, anasikiliza, anarudia. Sehemu hii naipenda kuliko zote na huwa nairekodi yote bila kukata. Watu wengi husikia dramu maisha yao yote bila kujua kwamba sauti ile hutafutwa kwa sikio, skrubu baada ya skrubu.

Fundi sauti naye anapanga maiki: ya dramu kubwa ya mguu, ya sneya, na mbili za juu ya matoazi. Hizi mbili anazipima kwa tepu kutoka katikati ya sneya, umbali uwe sawa, ili mpigo ufike kwenye zote kwa wakati mmoja. Namwacha amalize kwanza, ndipo nisimamishe stendi zangu. Kamera moja inatazama kutoka juu, moja iko chini usawa wa pedali, ya tatu naishika mwenyewe. Stendi yangu haigusi ya maiki hata kidogo, maana mtikisiko wowote unaingia kwenye rekodi.

Saa 5:00. Tunaanza. Fokasi ya kujiendesha nimeizima. Toazi likiyumba mbele ya lenzi, kamera huliandama na kumwacha mtu. Vijiti vinagonga mara nne, na hiyo ndiyo alama yangu ya kulinganisha sauti na picha. Teki, yaani upigaji mmoja unaorekodiwa mwanzo hadi mwisho, ikiisha, sisogei. Toazi huendelea kulia muda mrefu baada ya mkono kutulia, na hatua moja ya kiatu inaweza kuharibu mwisho mzuri.

"Dada, tuombe moja zaidi," anasema fundi.

"Sawa kaka, nipe dakika," anajibu mpiga dramu.

Hapo sizimi kamera. Tulikubaliana hivyo tangu mwanzo. Anaimba mpigo kwa mdomo, dum-dum-ka, anajaribu mguu peke yake, anakosea, anaanza tena. Anayejifunza dramu atafaidika na dakika hiyo kuliko na teki iliyokamilika.

Saa 8:00 mchana. Nanakili kadi zote kwenye diski mbili tofauti. Sifuti kitu mpaka nihakikishe zote zinafunguka.

Saa 10:00 jioni. Kuhariri. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kamera iliyo mita 6 kutoka kwenye dramu husikia mpigo ukiwa umechelewa takriban milisekunde 17, karibu fremu nzima kwa kasi niliyotumia. Ndiyo maana sauti ya kamera hunisaidia kulinganisha kwa kukadiria tu. Mwisho naamua kwa macho, kwenye fremu ambayo kijiti kinagusa ngozi.

Na hapa nina msimamo. Picha lazima itoke kwenye teki ileile inayosikika. Ni rahisi kuchukua mkono uliopendeza kwenye teki ya pili ukaubandika kwenye sauti ya nne, lakini mpiga dramu yeyote ataona mkono unapanda wakati sauti inashuka, na kuanzia hapo haamini tena chochote unachomwonyesha. Kuonyesha kazi ya nyuma ya pazia ni kuonyesha kilichotokea. Kama pembe niliyoitaka haina teki hiyo, naiacha.

Saa 1:00 usiku. Wimbo haujatoka, kwa hiyo klipu zina dramu tupu, hakuna sauti ya mwimbaji wala gitaa. Nakata kwa wima, kwa uwiano wa 9:16, nikihakikisha mikono na sneya havikatwi pembeni, na naweka maandishi kwa sababu wengi hutazama simu ikiwa kimya. Kabla ya kupandisha mtandaoni, namtumia mpiga dramu mwenyewe na prodyuza. Uso ni wake na kazi ni yao, hivyo neno lao ndilo la mwisho.

Mpiga dramu anajibu: "Kaka, ile niliyokosea usiikate."

Naibakiza. Klipu ya kufunga sneya inapanda usiku huuhuu, ya mguu inafuata kesho, na teki nzima inangoja siku ya wimbo kutoka.