Kiti nacho kimelipishwa nauli Unguja

Nimerudi Dar juzi na hasira bado ziko juu, ngoja niandike. Klabu yetu ya jiografia ina mradi wa utalii jumuishi, yaani vijana wanapima kama mtu mwenye ulemavu anaweza kutalii kama wengine, wakachagua wenyewe Mji Mkongwe maana ni Urithi wa Dunia tangu 2000 na kila mgeni lazima apite pale. Safari ya boti toka Dar naruka. Kwenye vile vyumba vya chini ya ardhi ambavyo wageni huonyeshwa kama walikofungiwa watumwa, ngazi ni kali na dari iko chini, binti yetu wa form three anayetumia kitimwendo akabaki juu, wenzake wakashuka na simu wakampigia video akaona hukohuko alipo, akawa anawaelekeza geuza huku, sogea pale.

Sasa kisa chenyewe ni cha ufukweni. Tulitaka kwenda kisiwa cha Changuu kuwaona wale kobe wakubwa ambao wazee wao waliletwa toka Shelisheli 1919. Bei nilishapatana na nahodha kwa simu, na nikamwambia kabisa nina mwanafunzi wa kitimwendo, akajibu hamna shida mwalimu, njooni. Tunafika maji yamekupwa, boti iko kule mbali, unavua viatu unatembea majini mpaka magotini ndio upande. Nahodha akamtazama binti halafu akaongea na mimi, eti huyu na kiti chake ni bei ya watu watatu, vijana watambeba. Watu watatu! Namuuliza kiti kinakaa nafasi ya nani, anasema hiyo ni mizigo mwalimu. Tukabishana pale jua linachoma, watoto wote wanatuangalia.

Binti ndio akatukata kauli. "Shikamoo baba. Hiyo bei tuiache kwanza, mtanibebaje?" Vijana wawili wa boti tayari walishadaka mikono ya kiti, akawazuia, akawaambia hiyo inachomoka ukiivuta juu, mtabaki nayo mkononi na mimi niko majini. Shikeni fremu, mmoja nyuma kwenye vishikio, wawili mbele, funga breki, nikisema tatu mnainua wote. Wale vijana walimsikiliza kwa makini sana, mmoja akasema wao miaka yote wageni kama hao wanawabeba mgongoni tu, hakuna aliyewahi kuwaelekeza. Akapanda hajalowa hata soksi. Nahodha akashuka mpaka nauli ya mtu mmoja ya ziada nikalipa, risiti hakuna, na kwenye ripoti vijana wetu wa klabu wameiandika ukurasa wa kwanza.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba maji kujaa na kupwa ni jambo la ratiba, kila mvuvi anajua saa zake, angetuambia tu njooni mchana maji yakijaa boti ingesogea karibu na kazi yote ile isingekuwepo. Hiyo haihitaji mfadhili wala tenda.

Kobe ni wakubwa kweli, mchanga wa kisiwani ulitutesa. Jioni tumerudi Mji Mkongwe, kijana wetu asiyeona ndio alifaidi kuliko wote, mzee mmoja aliyekaa barazani alimwita, "njoo mwanangu, upapase huu mlango," akamshika mkono akampitisha kwenye njumu za shaba, halafu mnyororo uliochongwa kuzunguka fremu, kijana alikaa pale mpaka magharibi anauliza maswali, tukachelewa urojo Forodhani na hakuna aliyelalamika.

Gesti nayo walisema chumba cha chini kipo, kipo kweli ila mlangoni kuna ngazi ya sentimita 18. Vijana wakatoa tepu, kila sentimita moja ya kupanda inataka kumi na mbili za urefu wa mteremko wa kiti, kwa hiyo hapo ni zaidi ya mita mbili na uchochoro wenyewe haufiki upana huo. Wakapendekeza mlango wa uani, wenye gesti wakakubali kuuacha wazi.

Nimekaa nawaza shule yetu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ni ya 2010, maabara yetu iko ghorofa ya kwanza na hakuna njia nyingine ya kupanda, binti huyuhuyu anasoma kemia kwa madaftari ya wenzake. Jumatatu wale vijana wamekuja na tepu ileile wameanza kupima ngazi za maabara, na ombi la kuhamishia praktiko chumba cha chini tumeshampelekea mkuu wa shule, tunasubiri jibu.