Kompyuta ilipokuwa ikiganda, nami nikiulaumu mtandao

Miezi miwili mizima niliamini kwamba mtandao ndio unaonitesa. Nyumba yetu iko Mkomani hapa Lamu, nyumba ya mawe ya kurithi, na chumba cha juu tunakodisha wageni. Kuwajibu ni kazi yangu, nami huifanya usiku watoto wakishalala. Nikifungua kalenda ya vyumba, ukurasa unabaki mweupe, kisha dirisha zima linaganda. Mgeni mmoja alingoja jibu kutwa nzima, mwisho akaenda kulala Shela, kijiji jirani. Hilo liliniuma sana.

Jamaa wa mtandao nilimpigia mara tatu. Kila mara alisema upande wake hauna shida, nami sikumwamini.

Aliyenifumbua macho ni mtoto wa kaka yangu. Aliweka simu yake kando ya kompyuta, zote mbili kwenye waifai ile ile, akafungua ukurasa ule ule. Simu ikafungua papo hapo, kompyuta ikabaki inazunguka. "Ami," akaniambia, "mtandao ni mmoja. Vipi simu ipate, hii ikose?"

Tukabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ikatoka orodha ya kila kinachofanya kazi ndani ya mashine. Memori imefika asilimia 94, diski asilimia 100. Kompyuta yangu ina GB 4 tu za memori, na diski yake ni ile ya zamani ya kuzunguka. Memori ikijaa, mashine huanza kuhamishia mzigo kwenye diski na kuurudisha, mfano wa karani mwenye meza ndogo ambaye kila karatasi lazima aishushe ghalani kisha aifuate tena. Na mimi nilikuwa nimeacha wazi vichupo 31, yaani kurasa 31 ndani ya kivinjari kimoja. Tukafunga, tukabakisha vitatu.

Memori ilishuka, lakini kalenda ikaganda vile vile. Hapo kijana akaifungua katika hali fiche, lile dirisha la faragha la kivinjari (incognito), na kalenda ikaja bila tatizo. Katika hali fiche viendelezi, yaani programu ndogo unazoongeza kwenye kivinjari, havifanyi kazi mpaka uviruhusu mwenyewe, kwa hiyo mkosaji alikuwa miongoni mwao. Nilikuwa navyo saba. Tukavizima vyote, tukawa tunawasha kimoja na kujaribu kalenda, kisha kingine na kujaribu tena. Cha tano kilipowashwa, kalenda ikaganda.

Kilikuwa kiendelezi cha kugeuza faili za PDF, nilichokiweka kwa ajili ya risiti moja, nikakisahau. Kusoma ruhusa zake ndiko kulikonitisha kuliko kule kuganda: kiliruhusiwa kusoma na kubadilisha kila ukurasa ninaoufungua, pamoja na zile zenye majina na simu za wageni wangu. Nikakiondoa, na nywila nikazibadilisha usiku ule ule.

Kabla ya hapo niliwahi kushauriwa nifute data yote ya kuvinjari. Nilifuta, nikatolewa kwenye akaunti zangu zote, na tatizo likabaki pale pale. Naomba msianzie huko.

Basi kurasa hazigandi tena, lakini usiku nikikaa chumba cha ndani bado zilikuja polepole. Sababu hii ni ya nyumba zetu. Ruta, kile kifaa kinachotoa waifai, iko karibu na daka, ukumbi wa mlangoni, na kunifikia mimi mawimbi yanapita kuta tatu za matumbawe na chokaa, kila moja unene wake karibu nusu mita. Tena kompyuta ilikuwa inang'ang'ania mawimbi ya GHz 5, ambayo ni ya kasi lakini hushindwa na ukuta upesi. Nikaiunganisha na yale ya GHz 2.4, na kazi nikaihamishia msanani, ukumbi mrefu unaoelekea uani, ukuta mmoja tu kutoka kwenye ruta. Hivyo maradhi yalikuwa mawili, na kila moja lilikuwa linalificha jingine.

Wiki iliyofuata fundi wa mtaa wa Langoni aliniongezea GB 4 za memori. Alipoifungua mashine alikuta feni imejaa vumbi jeupe la chokaa, akaisafisha, na sasa haichemki tena mapajani.

Jamaa wa mtandao nilimpigia mara ya nne, nikamtaka radhi.