Fidia iliyookoa ndugu, kisha ikazuia hifadhi ya ukimbizi: familia za Kolombia na utekaji wa msituni

Familia ya Kolombia iliyotekewa mtu na FARC au ELN, makundi ya waasi wa msituni, hubeba kazi mbili kwa mpigo. Ya kwanza kila mtu anaijua: kumtoa mateka akiwa hai. Ya pili ni kutunza karatasi, maana ndizo atakazosoma ofisa wa uhamiaji siku familia itakapoikimbia nchi. Kazi hizi mbili hugombana.

Tume ya Ukweli ya Kolombia ilikadiria watu 50,770 waliotekwa kati ya 1990 na 2018. Wengine walinaswa kwa bahati mbaya kwenye vizuizi vya barabarani, ambako wenyeji walijifunza kutazama miguu kwanza: buti za ngozi ni jeshi, buti za mpira huenda ni waasi. Wengine walilengwa. Mwaka 2000 FARC ilitangaza "Sheria 002": mwenye mali inayozidi dola milioni moja alipe kodi, asiyelipa atachukuliwa. Mijini, magenge ya wahalifu yaliteka watu na kuwauza kwa waasi milimani. Kwa hiyo swali la nani hasa anamshikilia ndugu yenu si dogo, na litarudi mbele ya hakimu wa uhamiaji mkiomba hifadhi ya ukimbizi.

Kwenye majadiliano, familia iteue msemaji mmoja, na asiwe yule anayeidhinisha fedha. Anayeweza kusema "ngoja niwaulize wenzangu" ananunua muda. Mwenye hundi mfukoni hana pa kujificha. Kila mawasiliano yaandikwe papo hapo: tarehe, saa, maneno yenyewe, kelele za nyuma. Milimani mara nyingi ilikuwa redio ya upepo kwa saa iliyopangwa, na kuikosa saa hiyo kuliweza kumaanisha wiki za kimya.

Kabla ya kutaja kiasi, daini ushahidi wa uhai. Picha haitoshi. Ulizeni jambo ambalo mateka pekee analijua, na kila duru liwe swali jipya. Ofa nayo ina hesabu yake: nyongeza zipungue. Ukipanda peso milioni 20, kisha 10, kisha 4, upande wa pili unaelewa kwamba mfuko unakauka. Ukipanda 10 kisha 20, umewafundisha kusubiri. Kinachoharibu zaidi ni ndugu wawili kujadiliana kila mmoja kivyake. Kinachofuata kwa ubaya ni kulipa bila ushahidi mpya: zipo familia zilizolipa, zikaambiwa ile ilikuwa gharama ya chakula tu, na zipo zilizolipia mtu aliyekwisha kufa.

Sheria ya 40 ya 1993 ilijaribu kupiga marufuku malipo na kuzuia mali za familia. Mwaka huohuo Mahakama ya Katiba ilibatilisha marufuku hiyo kwa familia inayolipa ili kuokoa uhai. Hata hivyo wengi hawakwenda GAULA, kikosi cha kupambana na utekaji, kwa sababu mpiga simu aliwaonya wasithubutu. Uamuzi huo unaeleweka, ila una gharama: bila taarifa kwa Fiscalía, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, familia hufika ugenini na maneno matupu. Asiyeweza kuripoti wakati wa utekaji aripoti mara mateka anapotoka. Barua za vitisho zitunzwe, bahasha zikiwemo.

Sasa mtego wenyewe. Marekani iliziorodhesha FARC na ELN kuwa makundi ya kigaidi mwaka 1997; FARC ilibaki kwenye orodha hadi 2021. Kwa sheria yake, kuwapa pesa au bidhaa ni kuwasaidia magaidi, na anayefanya hivyo hufungiwa hifadhi. Mwaka 2016 Bodi ya Rufaa za Uhamiaji, katika shauri la Mkolombia aliyelazimishwa kuipa FARC bidhaa, ilisema kushurutishwa hakuondoi kizuizi. Msamaha upo tangu 2007 kwa waliotoa kwa shuruti, lakini hautolewi na hakimu; hutolewa na Wizara ya Usalama wa Ndani. Ndiyo maana rekodi za vitisho zina thamani kuliko risiti: risiti inathibitisha kwamba ulitoa, rekodi inaeleza kwa nini.

Mahakama pia huuliza: walikuteka kwa msimamo wako, au kwa pesa zako? Kutekwa kwa ajili ya pesa peke yake kwa kawaida hakutoshi kupata hifadhi. Kama mliwahi kukataa hadharani kulipa, kugombea udiwani au kuongoza chama cha wafugaji, ushahidi wake utangulie. Swali linalofuata ni kwa nini hamkuhamia mji mwingine wa Kolombia, kama Bogotá, badala ya kuikimbia nchi. Simu ya vitisho iliyowafuata kwenye namba mpya hujibu vizuri kuliko hotuba yoyote.

Muda ni mfupi. Marekani inadai fomu I-589, yaani ombi la hifadhi, ndani ya mwaka mmoja tangu kuingia. Sheria ya Ekwado ya 2017 iliweka siku 90 za kuomba, na wengi waliovuka daraja la mpakani la Rumichaca walizimaliza wakitafuta chumba na kibarua.

Na watoto? Kolombia haimruhusu mtoto kutoka nchini na mzazi mmoja bila idhini ya mwingine iliyothibitishwa na mthibitishaji wa nyaraka. Mzazi wa pili akiwa ndiye mateka, idhini hiyo haipatikani. Sheria ya 1098 ya 2006 inampa ofisa aitwaye Defensor de Familia mamlaka ya kutoa kibali pale mzazi asipojulikana alipo. Ombi hilo lipelekwe kabla ya kununua tiketi.